Sahani Moja kwa Bi Time, Sahani Moja kwa Bi Raya

Juzi mjukuu wangu Salma alikuwa kajilaza mkekani, simu kifuani, mara ikatoka sauti ya gitaa. Si gitaa la kupigwa, hili lilikuwa likivutwa, likilia kama paka aliyefungiwa nje anayeomba kufunguliwa kwa adabu. Kisha mzee akaanza kuimba kwa koo kavu, polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake huku akivua viatu. Salma akaniambia huyo ni mwimbaji mkongwe wa ng'ambo, nyimbo hutunga mwenyewe, na safari hii katoa sahani mbili za santuri pamoja. Akanisomea maneno ya wasikilizaji wake waliotawanyika duniani: mmoja kalia mpaka kasimamisha gari njiani, wa pili anasema sahani ya mwisho ndiyo yenye roho, wa tatu anamjibu kuwa hana masikio. Nikacheka mpaka uji ukanipalia.

"Bibi, unacheka nini?"

"Nawacheka hao. Wanadhani wao ndio wa mwanzo kugombana kwa ajili ya sahani ya pili."

Nyie wa rika langu mnaikumbuka gramafoni ya betri, ile ya kufungwa kama sanduku, kipaza sauti chake kwenye kifuniko. Kijijini kwetu ilikuwapo moja tu, na ilikaribia kuvunja ndoa.

Mimi nililelewa na halati yangu Bi Time, dada mkubwa wa mama yangu. Mama alikuwa na watoto wengi na halati hakujaaliwa, basi nikapewa yeye, kama mtu anavyopewa kuku wa kuanzia. Tulikaa kijiji cha pwani ya Pemba kinachotazamana na kisiwa cha Kojani, na Kojani ndiko kwao, kaka yake Shaame akiishi huko. Mume wa halati alikuwa Mzee Makame Faki, baharia wa meli kubwa, na mke wake wa pili alikuwa Bi Raya, mwana wa Pujini, mdogo kwa halati kwa umri, nyumba yake nyuma ya kisima.

Mzee Makame alikuwa akiogopa dhulma kuliko alivyoiogopa bahari. Akileta kanga, doti mbili. Akileta kioo, viwili. Safari moja alikuja na mwavuli mmoja tu, mwavuli mzuri wa mpini wa mti, akaona hana namna ya kuukata, basi hakumpa mke hata mmoja. Akautundika msikitini, ukaozea huko, na wake zake wote wawili wakatota sawasawa.

Aliporudi safari yake ya mwisho alikuja na hiyo gramafoni na jalada moja lenye sahani mbili ndani. Alizisikia katika mkahawa wa mabaharia kwenye bandari moja ya baridi, akasema zilimgusa hata chai ikampoa mkononi. Jalada lilifunguka kama daftari. Ukilifungua, upande mmoja unamwona mzee mwenye kofia na ndevu nyeupe kakaa kizingitini, upande wa pili gitaa lililoegemezwa ukutani na mbwa kalala. Mzee Makame akalitazama jalada, akawatazama wake zake, akachukua kisu cha samaki. Akalipasua katikati taratibu, ulimi nje, kama fundi anayekata kanzu ya Idi. Nusu kwa halati pamoja na sahani moja, nusu kwa Bi Raya pamoja na sahani nyengine.

"Mie nimepata mzee," halati akasema, akiinua nusu yake. "Mwenzangu kapata gitaa."

"Na mbwa," akasema Bi Raya, hakufurahi.

"Na mbwa. Hongera."

Kilichobaki kimoja ni chombo chenyewe, na hicho Mzee Makame hakukipasua. Alikiamulia kifuatane naye. Zamu ikiwa ya halati, gramafoni iko kwetu. Zamu ikiwa ya Bi Raya, utamwona anasukuma baiskeli kuelekea kisimani, gramafoni imefungwa nyuma kwa kamba, watoto tunamfuata. Kijiji kizima kilijua Mzee Makame yuko kwa nani, hakuna haja ya kuuliza, ni kutega sikio tu.

Mimi akili yangu ya kitoto ilikwisha pata jawabu lake. Niliamini yule mzee wa kofia naye ana wake wawili, kama Mzee Makame, na ndiyo sababu akatoa sahani mbili, kila mke na yake. Niliamini pia kwamba yumo ndani ya chombo, na ikifika zamu ya kwa Bi Raya hupakiwa kwenye baiskeli na kofia yake. Koo lake lilinisikitisha. Nikawa namwekea kata ya maji pembeni ya gramafoni kila alasiri. Halati akaniona, akadhani naagua, akanipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani nisomewe.

Alasiri za zamu yetu wanawake walikuja barazani. Nawakumbuka wote: Bi Mkasi mke wa Kombo mwenye mashua, Bi Siti, Mwanaisha mshona kofia, na Bi Hidaya, ambaye alikuwa hasikii lakini hakosi hata siku moja. Bi Hidaya aliweka kiganja juu ya kifuniko, akafumba macho, kisha akatutangazia: "Huyu kaachwa." Na kweli, sahani ya halati ilikuwa nzito. Gitaa linalia, kinanda cha mdomo kinajibu, mzee anaguna. Wanawake walilia wakaburudika, wakafuta machozi, wakaomba irudiwe. Walimtunza kama wanavyotunza kwenye taarabu: huyu anainuka anazunguka na kanga yake, anaweka asumini juu ya chombo, yule anapaka tibu, ule unga wa manukato. Siku moja asumini iliangukia kwenye sahani, sindano ikaikanyaga, mzee akakwama neno moja akilirudia bila kupumua. Bi Siti akasema hapo ndipo alipoimba vizuri zaidi.

Sahani ya Bi Raya ilikuwa namna nyengine. Ngoma mbele, gitaa linakwaruza, wanaopiga makofi wamo ndani kwa ndani. Kule watu hawakulia, walicheza. Na sisi tukikaa barazani kwetu tukivisikia vicheko vyao kupita kisima.

Sasa hapa lazima niwakumbushe wenzangu tulivyokuwa. Kwetu nyimbo haiimbwi hewani. Nyimbo ina mwenyewe. Ukiinuka kutunza, watu hawakutazami wewe, wanatazama umeinukia ubeti upi, na macho yako yameelekea nyumba ya nani. Kwamba huyu mzee anaimba lugha tusiyoijua hata neno, hilo halikumzuia mtu.

Bi Mkasi ndiye aliyeleta habari. Alikuwa akisikiliza kwetu zamu yetu na kule zamu ya kule, hakuwa na ubaguzi.

"Time, mie sitaki maneno."

"Lakini unayo."

"Jana Raya kainuka. Kaweka asumini. Na macho yake hivi." Akageuza shingo kuelekea nyumba yetu.

"Kautunza ubeti gani?"

"Ule anaosema yee yee."

Halati akaacha kuchambua mchele. "Yee yee?"

"Yee yee, mara nyingi."

"Basi yee yee ndo mimi huyo."

Akatumwa mtu kumwita Mwalimu Yohana. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, anafundisha skuli yetu, mpole, na kila mtu alijua kuwa Kiingereza anakisoma mpaka gazetini. Akakaribishwa kitako, akaletewa kahawa, sahani ya halati ikawekwa. Akasikiliza kwa kichwa chini. Tukamngoja kama watu wanaongoja mwezi wa mfungo.

"Anasema treni ya asubuhi imeondoka," mwalimu akasema, "naye kabaki stesheni."

"Treni hapa Pemba iko wapi?" akauliza Bi Siti.

"Hayuko Pemba, mama."

"Basi ni fumbo."

"Nadhani ni treni tu."

"Mwalimu, baba, ntu mzima na ndevu zake hawezi kulilia treni."

Bi Mkasi akapiga paja. "Treni ni bwana! Stesheni ndo wewe, Time!"

"Endelea, mwalimu," akasema halati. Uso umemkaza.

Mwalimu akasikiliza tena. Akasita. Mtu mpole yule, nadhani alianza kuona anakopelekwa. "Anasema... mvua inaingia ndani. Paa linavuja juu ya kitanda chake."

Kisha macho yote yakapanda juu taratibu, ya Bi Siti, ya Mwanaisha, ya Bi Mkasi, hata ya Bi Hidaya ambaye hakusikia kitu, yakaenda moja kwa moja kwenye makuti yetu. Makuti yale Mzee Makame alikuwa kaahidi kuyaezua na kuezeka mapya tangu masika yaliyopita. Na nyumba ya Bi Raya ilikuwa imeezekwa upya, bado inanukia mnazi.

"Na kule?" halati akauliza, sauti ndogo. "Wewe hupita kule ukitoka skuli. Kule anasema nini?"

"Kule..." Mwalimu akanywa kahawa iliyokwisha. "Kule anasema kala akashiba, akacheza mpaka viatu vikatoboka."

"Ahsante, mwalimu. Kule wanakula wanacheza. Huku twavujiwa."

Mzee Makame aliporudi kutoka shamba alikuta mkeka umekunjwa na mke wake yuko wima. Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia yote.

"Makame, hizi sahani ulizisikiliza mwenyewe kule ng'ambo?"

"Nilizisikiliza."

"Ukajua ipi ya kilio, ipi ya harusi. Ukachagua. Kilio ukampa mzee, harusi ukampa kijana."

"Wallahi Time, mie Kiingereza changu ni cha kamba na nanga! Sikujua kama mzee anavujiwa!"

"Kijiji kizima sasa chajua. Mtu wa ng'ambo, hajawahi kufika hapa, kaniona ninavyoishi, wewe uliye ndani hukuniona. Mie nakwenda Kojani kwa kaka yangu. Kesho maji yakijaa. Talaka utanipelekea."

Nyie mtacheka, na mimi hapa ninacheka. Lakini halati hakuwa mtu wa kutisha bure. Alikunja kanga zake, akafunga kuku miguu, akafunga sufuria ndani ya mkeka. Nikamuuliza kama na mimi nitakwenda Kojani. Akaniambia, bila kunitazama, "Wewe utarudi kwa mama yako." Nilimpenda mama yangu. Lakini kwa mama yangu tulikuwa wengi mpaka usiku akitaka kuniita huita majina matatu kwanza, na kwa halati nilikuwa peke yangu, jina langu halikuchanganywa na la mtu. Nikaenda nikamwekea mzee wa kwenye chombo kata ya maji, nikamwomba amwambie halati asiende. Mzee akanyamaza. Betri Mzee Makame alikuwa kazitoa, anazianika juani ziongeze nguvu.

Asubuhi yake maji yalikuwa yamejaa na mashua ya Kombo inangoja pwani. Mizigo ilikwisha kuwa ukumbini. Bi Mkasi na wenzake walikuja kuaga, yaani kushuhudia. Mzee Makame kasimama uani, mikono haijui pa kukaa. Na hapo ndipo Bi Raya akatokea upande wa kisima, kitu cha duara kichwani kimefunikwa kanga, anatembea kama aliyebeba mayai.

"Hodi, Da Time."

"Hodi hodi, umekuja kucheza?"

"Nimekuja kuuliza." Akashusha, akafunua. Ilikuwa sahani yake. "Mie skuli nilisoma hesabu tu, na si nyingi. Lakini hapa katikati, kwenye hiki kikaratasi, upande huu pana mbili, upande huu pana tatu. Mtu aanzaje kuhesabu na mbili, Da Time? Nimelala naiwazia. Yako ina ngapi?"

Hakuna aliyejua. Kikaratasi cha sahani yetu kilikuwa kimezikwa chini ya tibu ya watunzaji. Halati hakutaka kuonekana kuwa anataka kujua, basi akaniambia mimi, "Futa hiyo, imechafuka." Nikaifuta kwa ncha ya kanga. Bi Raya akainama.

"Moja," akasema. Akaigeuza. "Na nne."

Mwalimu Yohana alikuwa akipita kwenda skuli, akaitwa kwa sauti za watu wote kwa pamoja. Akazitazama sahani zote mbili, akazigeuza, akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hii ni hadithi moja, mama zangu. Wenzetu wana mashine zinazoangusha sahani moja juu ya nyengine, ndiyo wamepanga hivi. Inaanza kwa Bi Time, moja. Inakwenda kwa Bi Raya, mbili na tatu. Kisha inarudi kwa Bi Time kumalizia."

"Inarudi?" akauliza halati.

"Inarudi."

Mzee Makame kule uani akajishika kichwa. "Ya Rabi, nimempasua mtu katikati."

"Bi Time!" Kombo aliita kutoka pwani. "Maji hayangoji!"

Halati akatazama mizigo yake. Kisha akakaa juu ya furushi la sufuria, likalia chini yake, akasema, "Iwekwe tuisikie. Kwenda nitakwenda, lakini siendi na nusu."

Betri zikarudishwa, zina joto la jua. Ikaanza ya kwanza, treni ikaondoka, paa likavuja, wanawake wakaguna kwa mazoea. Ikafuata ya Bi Raya. Ajabu, safari hii hakuna aliyeinuka kucheza. Mwalimu alikuwa akitwambia kidogo kidogo, na tukamwona yule mzee anakula kwa watu, anacheza kwa watu, viatu vinatoboka, miguu inauma, kila mji anasifu na kila mji anahama. Makofi yaleyale tuliyoyaonea wivu kupita kisima yalianza kunichosha hata mimi.

"Mie ilikuwa ikinichosha siku nyingi," Bi Raya akasema polepole. "Nacheza kwa kuwa wageni wamekuja. Na ile asumini, Da Time, nilitazama huku kwa sababu nilisikia harufu ya pweza wenu, nikasema leo wenzangu wanakula pweza."

"Mbona hukuja kuomba?"

"Nimeona haya."

Bi Mkasi akawa ghafla na kazi kubwa ya kufunga kanga yake.

Kisha ikawekwa ya nne. Tulikuwa tunaijua vizuri, tumeililia mara ngapi tukidhani ni ya msiba. Gitaa lile lile linavutwa, polepole, na mzee sauti imekwisha kabisa. Mwalimu akasogea karibu na chombo.

"Anasema karudi. Kasimama mlangoni kwake. Anauona moto jikoni. Anaona haya kubisha hodi."

Sikumbuki nani aligeuka mwanzo. Ila Mzee Makame, kwa vile ukumbi ulijaa wanawake na mizigo na kuku, alikuwa kasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, kofia kavua anajipepea. Bi Siti akamwona, akamgusa Mwanaisha. Mwanaisha akamgusa Bi Hidaya. Bi Hidaya akaangalia, akasema kwa sauti ya kiziwi isiyojua udogo, "Si huyo?"

Halati hakugeuka. "Mwalimu. Wanamruhusu kuingia?"

Mwalimu akangoja. Sindano ilikuwa inazunguka pasi na kitu, inakwaruza tu. "Nyimbo inaishia hapo hapo, mama. Hasemi."

"Hasemi?"

"Hasemi. Anaacha hivyo."

Halati akavuta pumzi. Wote tulikuwa tumeacha zetu. Mimi nilishika ncha ya kanga yake, sikuomba kitu, nilishika tu.

"Makame," akasema, bado kampa mgongo. "Waziba mwanga. Ingia, au toka."

Akaingia. Aliruka kuku, akaruka sufuria, akakaa kitako chini mbele yake kama mtoto wa chuo. Bi Raya akainuka, akachomoa asumini kichwani mwake, akazunguka mara moja na kanga yake kama inavyotakiwa, na hakuliweka ua juu ya gramafoni. Alimchomeka halati nyweleni. Hapo wanawake walipiga vigelegele vya kumwamsha hata aliyeimba.

Tulikuwa bado tunashangilia Kombo alipotokea, suruali imekunjwa, tope mpaka magotini.

"Bi Time, maji yamekupwa! Mashua imekaa kitako! Wenda huendi?"

Halati alikuwa anawafungua kuku miguu.

"Yakijaa, nenda wewe. Kamwambie kaka Shaame nimechelewa kidogo. Namngoja huyu bwana ajifunze kugawa."

Hakujifunza. Wiki ile ile alituezekea paa jipya, kisha akaenda akaezeka tena kwa Bi Raya, makuti mapya juu ya makuti mapya, asije akaonekana kapendelea. Na halati alimngoja, akimlalamikia kila siku, mpaka alasiri tuliyotoka kumzika Mzee Makame.